Keki ya Kosa Lisilo Lake

Ijumaa hiyo Ragnhild aliingia chumba cha kahawa na keki, na Asger alipoiona tu akajua kwamba mikono iliyopaswa kuibeba ni yake.

Ilikuwa ile wanayoiita keki ya ndoto, laini chini, na juu tabaka la nazi na sukari ya kahawia lililoshikana kama kashata. Ragnhild aliitua mezani, akavua glavu za baridi, akatafuta kisu. Hakuwa mtu wa kuoka. Kwao visiwa vya Faroe, ambako kondoo ni wengi kuliko watu, alizoea kusema, keki ni kazi ya bibi, na bibi yake alikuwa ng'ambo ya bahari. Lakini hii aliioka mwenyewe jana yake jioni, na upande mmoja ulikuwa umeungua.

"Haya, Mfaroe," Mogens akasema huku akivuta kiti. "Umefanya nini safari hii? Umemwacha kondoo akaingia kwenye hadubini?"

"Kondoo wana adabu kukushinda, Mogens. Hawanyooshi mkono kabla keki haijakatwa."

Watu wakacheka. Katika maabara ile, kama katika ofisi nyingi za Denmark, anayeharibu kitu hagombezwi. Analeta keki. Umevunja chupa, keki. Umeacha friza wazi usiku kucha, keki kubwa. Unaikata mbele ya wenzako, unataja ulichofanya, wanakucheka wakishiba, na neno hilo halirudi tena. Mogens, ambaye nywele zake zilikuwa zimepata mvi kwenye meza zile, alikuwa ameleta keki nyingi mpaka akawa mwokaji hodari.

"Ni vifuko vyangu," Ragnhild akasema, kisu mkononi. "Nimeviharibu. Vinagandamana kama uji uliosahauliwa jikoni. Nimetafuta nilipovichafua, sijapaona, lakini nimevichafua. Kwa hiyo kuleni, mnisamehe."

"Umesamehewa," Mogens akasema. "Ila hapo palipoungua ule mwenyewe."

Asger akapokea kipande chake, akala. Ragnhild aliona sahani imebaki tupu, akamwongeza kingine bila kuulizwa, kwa sababu alijua Asger anapenda nazi. Asger akakila nacho.

Asger Thorup ndiye aliyekuwa akitengeneza Tarishi. Hilo lilikuwa jina la utani. Jina lenyewe lilikuwa herufi na namba ambazo hakuna aliyetaka kuzitamka mara mbili. Tarishi ni protini ya binadamu. Ndani ya kila seli vinasafiri vifuko vidogo mno vyenye mizigo, na kazi ya Tarishi ni kuvishika na kuvifikisha kwenye mlango wao. Kwa kuwa watu hawakamuliwi kama ng'ombe, Asger aliwapa bakteria maagizo ya kumtengeneza, kisha akawapasua bakteria wale na kumwokota Tarishi katikati ya uchafu wao.

Ili aokoteke, Tarishi huundwa na mpini, yaani kipande cha protini nyingine kilichoungwa kwenye mwili wake. Supu ya bakteria humiminwa kwenye mrija uliojaa shanga. Mpini unang'ang'ania shanga, uchafu unapita. Kisha huja mkasi. Ndivyo walivyokiita kimeng'enya kinachoukata mpini na kumwacha Tarishi peke yake, kama alivyo ndani ya mwili wa mtu. Na lazima ukatwe, maana mpini ule una tabia yake: ukikutana na mpini mwenzake, inashikana. Tarishi wawili wenye mipini, kila mmoja akiwa amekamata kifuko chake, huvifunga vifuko hivyo pamoja, na wengine huja juu yao, mpaka vyote vinakuwa mafungu yasiyo na maana yoyote.

Asger alikuwa fundi, na alijua kwamba yeye ni fundi, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia. "Protini yangu unaweza kumnyweshea mtoto mchanga," alikuwa akisema. Yeye ndiye aliyeweka sheria kwamba hakuna kichupa kitakachotoka mezani kwa mtu kabla ya kupimwa kwenye jeli, ambako protini nyepesi hukimbilia chini na nzito hubaki juu, na kila udanganyifu huonekana. Sheria iliwabana wote. Vichupa vyenye jina lake vilipita bila kuulizwa, kwanza kwa heshima, baadaye kwa mazoea.

Siku ya nusu fainali ya mpira wa mikono, maabara nzima ilikusanyika mchana mbele ya televisheni ya chumba cha kahawa. Asger alikuwa ameutoa mkasi kwenye friza. Akasikia kelele za bao, akaenda kuchungulia dakika moja, akakaa mpaka firimbi ya mwisho. Aliporudi, kichupa cha mkasi kilikuwa pale pale kando ya kipasha joto, vuguvugu kama yai lililotoka kutagwa.

Kilichostahili ni kukitupa, kuagiza kingine, na kuoka keki. Lakini asubuhi ile ile alikuwa amemkaripia Mogens kwa kuacha mlango wa friza wazi, tena kwa maneno makali. Ataokaje keki siku hiyo hiyo? Akakirudisha kichupa kwenye baridi. Kesho yake akakitumia, akijiambia kwamba vimeng'enya si maua, havinyauki kwa mpira mmoja. Ragnhild alikuwa akingoja Tarishi wa kuchanganya na vifuko vyake, tena kwa haraka, hivyo hata kuchuja mipini hakuchuja. Kipimo cha jeli, kwa mazoea, hakukifanya. Akaandika jina lake kwenye vichupa, akampa.

Jumatano, siku mbili kabla ya keki, Ragnhild alileta picha kwenye kikao. Vifuko vilivyopaswa kutawanyika kama mtama uliomwagwa vilikuwa mafungu meusi. Alikuwa na uso wa mtu asiyelala. Mkataba wake wa masomo ulikuwa unakwisha mwishoni mwa Februari, na Jumatatu inayokuja alikuwa na zamu kwenye hadubini kubwa ya baridi, inayopiga picha vitu vilivyogandishwa, ile inayogombewa na chuo kizima. Zamu nyingine kabla ya Februari kwisha haikuwapo. Bila picha zile, sura ya mwisho ya tasnifu yake ingebaki maneno matupu.

"Labda tuangalie na protini," alikuwa amesema, kwa sauti ya chini.

Asger hakuinua hata kichwa. "Protini ni yangu. Kagua usafi wako, bibie."

Maneno hayo aliyasema mbele ya watu wote, na wengine walitabasamu.

Alhamisi mchana, wenzake wakiwa kwenye chakula, Asger akampima Tarishi wake kwenye jeli. Kwa nini alipima, hakujua. Pengine moyo ulikuwa ukimwambia tangu siku ya mpira. Jeli ilipopata rangi, mstari ulisimama juu kabisa. Chini, mahali pa Tarishi aliyekatwa mpini, palikuwa peupe kama bamba la theluji. Hakuna hata mpini mmoja uliokatika. Akaikunja jeli ndani ya karatasi, akaitupa, akaenda kula mkate wake mweusi wa nafaka ya rai na samaki, na mtu alipomsalimia aliitikia.

Angeweza kusema mchana ule. Angeweza kusema jioni. Kila saa aliyonyamaza iliifanya saa inayofuata kuwa nzito zaidi, na sasa keki imekwisha kuliwa.

Inger-Lise, mkuu wa maabara, alifuta makombo kwa kiganja. Alikuwa mwanamke mwembamba asiyependa kupoteza neno, na kila mtu alimwita kwa jina lake, kuanzia profesa mwenzake hadi mwanafunzi wa juzi.

"Ragnhild, asante kwa keki. Sasa tuseme la kweli. Zamu ya Jumatatu haiwezi kwenda kutazama uji. Nadhani aichukue Asger. Ana sampuli nyingine zilizo tayari. Wewe tutakutafutia njia, hata kama tasnifu itakuwa na sura pungufu."

Ragnhild aliitikia kwa kichwa. Alikuwa akikusanya sahani, na aliendelea kuzikusanya.

"Asger?" Inger-Lise akauliza.

"Sawa," Asger akasema.

Neno moja, nalo lilitoka kirahisi mno. Alirudi mezani kwake, akakaa, asijue mikono aiweke wapi. Mficha uchi hazai, wahenga wamesema, lakini hawakusema anayeuficha anajisikiaje mtu mwingine anapovuliwa kwa niaba yake.

Harufu ya klorini ndiyo iliyomwinua. Ilikuwa ikitoka chumba cha pili. Alimkuta Ragnhild amesimama kwenye sinki, mbele yake ndoo, na kando ya ndoo sanduku la vichupa kutoka friza ya baridi kali. Alikuwa akifungua kichupa kimoja kimoja na kukimimina ndooni. Ndani ya vichupa vile mlikuwa na vifuko vya kazi ya miezi, vilivyotolewa ndani ya seli kwa subira ya mtu anayechambua mchele gizani. Nusu ya sanduku ilikuwa tupu tayari.

"Unafanya nini?"

"Usafi," Ragnhild akasema. "Atakayekuja baada yangu aanze na friza safi."

"Usivitupe."

"Asger, si wewe uliyesema nikague usafi wangu? Ndio huu nakagua." Akafungua kingine, akamimina. "Bibie anakagua."

"Subiri kwanza. Labda si vifuko. Labda ni Tarishi."

Mkono wa Ragnhild ukasimama juu ya ndoo. "Labda?"

Lilikuwa shimo la mwisho la kujifichia, neno lile, na Asger aliona kwamba akiingia humo hatatoka tena.

"Ni Tarishi," akasema. "Mpini haukukatika. Niliusahau mkasi mezani siku ya mpira, ukapata joto, ukafa. Nikautumia hivyo hivyo. Vifuko vyako havina kosa. Nimepima."

"Umepima lini?"

Angeweza kusema sasa hivi. Neno lilikuwa ulimini, tayari.

"Jana."

"Jana saa ngapi?"

"Mchana."

Ragnhild aliweka kichupa ndani ya sanduku, taratibu, akakibana mfuniko. "Jana mchana," akasema. "Jana jioni mimi nilikuwa dukani natafuta nazi."

Asger aliitazama ndoo.

"Na leo ukala. Vipande viwili. Cha pili nilikuwekea kwa mkono wangu."

"Nilitaka kusema, Ragnhild. Nilitaka kusema jana, halafu..."

"Halafu ukapewa na zamu yangu, ukasema sawa. Nilikusikia. Nilidhani unanionea huruma ndiyo maana unasema kwa sauti ndogo." Alicheka kidogo bila furaha, akafuta macho kwa mkono wa koti, maana klorini ilikuwa inachoma, au ndivyo alivyotaka ionekane. "Nenda kawaambie. Mimi nimekwisha kujua. Waambie waliocheka."

Asger alipanda ngazi. Lakini ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri, na katika nchi ile saa tisa ya Ijumaa maofisi hubaki na mimea tu. Chumba cha kahawa kilikuwa kimezimwa taa. Baiskeli zilikuwa zimeondoka uani. Aliyebaki ni Inger-Lise, kofia ya baiskeli kichwani, akifunga kamba chini ya kidevu.

Asger akamwambia yote akiwa amesimama mlangoni. Alipofika kwenye keki aliona kwamba hawezi kumtazama, akamalizia akiitazama pampu ya baiskeli iliyoegemea ukuta.

Inger-Lise hakuketi, wala hakuvua kofia. "Mkasi kusahauliwa mezani ni jambo la keki," akasema. "Kusahau kupima, keki mbili. Hilo lingine sina keki yake."

"Najua."

"Hujui. Kama Ragnhild angeenda nyumbani bila kuosha friza, ungesema?"

Asger alifikiri. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote, kwamba ilibidi afikiri.

"Sijui," akasema.

"Angalau hilo umelijibu vizuri." Akachukua mkoba. "Zamu ni ya Ragnhild. Kesho asubuhi utakwenda maabara ya ghorofa ya chini, utawaomba mkasi, na wakikuuliza wako umekwenda wapi utawaeleza. Kisha utamkata Tarishi upya. Na Jumatatu, kwenye kikao, utasema mwenyewe. Sitakusaidia kwa neno."

Jumamosi theluji ilikuwa ikiyeyuka barabarani. Kijana wa ghorofa ya chini alimpa mkasi, akauliza kama alivyotarajiwa kuuliza, "Wako umekwisha? Wewe Asger?" Asger akamweleza. Kijana akasema, "Aa," akatazama kando, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kumkuta mkubwa wake.

Ragnhild alikuwa amefika kabla yake. Alikuwa amevaa koti la maabara na amevuta kiti kando ya meza ya Asger, si kwake.

"Nitakaa hapa," akasema. "Utanionyesha kila kitu."

"Hakuna haja, mimi mwenyewe nita..."

"Utanionyesha, Asger."

Akamwonyesha. Alimwonyesha kichupa cha mkasi kikiwa ndani ya barafu, akakigeuza ili asome maandishi. Alimwonyesha kipimo cha joto. Alipotia mkasi ndani ya Tarishi, Ragnhild aliinama kuona tone likidondoka. Wakangoja. Asger alijaribu kuuliza habari za bibi yake. Ragnhild akajibu kwamba hajambo, na mazungumzo yakaishia hapo. Kwa kawaida kungoja huko kulikuwa wakati wa soga, na Asger ndiye aliyekuwa msemaji, akisimulia jinsi fulani alivyoharibu kile na fulani alivyoharibu kingine, akiwaiga sauti mpaka watu washike mbavu. Sasa kila hadithi aliyoifikiria ilikuwa na mtu ndani yake aliyechekwa.

Wakachuja mipini iliyokatika. Wakapima kwenye jeli. Rangi ilipoanza kushika, Asger akanyoosha mkono kuiweka jeli juu ya taa, kama alivyofanya maisha yake yote pale.

"Niachie," Ragnhild akasema.

Akasogea. Ragnhild aliiweka mwenyewe, akainama, akatazama muda mrefu. Asger, aliyekuwa nyuma yake, hakuona kitu ila mgongo. Alijikuta anangoja kama mwanafunzi anayesahihishiwa, na alijua kwamba watu wengi walikuwa wamengoja hivyo nyuma ya mgongo wake, na yeye alikuwa akikawia kwa makusudi.

"Umekatika," Ragnhild akasema mwishoni. "Tarishi yuko chini, safi." Akajaza vichupa vyake, akaandika tarehe juu yake kwa kalamu. Mahali pa jina la mtengenezaji akaandika majina mawili, lake na la Asger, lake likiwa juu.

"Vifuko vilivyobaki vinatosha?" Asger akauliza.

"Vinatosha mara moja tu. Nikikosea mkono, basi." Akafunga sanduku la barafu. "Usiniambie pole. Najua unataka kuisema tangu asubuhi. Ukiisema itabidi nikuitikie, na bado sitaki."

Basi hakuisema. Aliosha mirija, akaosha shanga, akafuta meza yake na ya Ragnhild, na alipogeuka Ragnhild alikuwa amekwisha kwenda.

Jumatatu, saa ya kikao, kiti cha Ragnhild kilikuwa wazi. Alikuwa kwenye hadubini tangu alfajiri. Asger alikuwa hajalifikiria hilo. Usiku wote alikuwa ameyapanga maneno akimwona yeye mbele yake akisikiliza, akijua kwamba yanasemwa. Sasa ingembidi ayaseme mbele ya waliocheka tu.

Akasimama, ingawa pale hakuna aliyesimama kusema.

"Keki ya Ijumaa ilikuwa yangu," akaanza. Mogens akatabasamu, akidhani ni mzaha. "Vifuko vya Ragnhild havikuwa na kosa. Tarishi wangu alikuwa na mpini. Niliua mkasi siku ya mpira, nikautumia, sikupima. Jumatano nilimtupia Ragnhild lawama mbele yenu. Alhamisi mchana nikapima, nikajua. Ijumaa nikala keki yake, nikachukua zamu yake, nikanyamaza. Nilisema pale tu nilipomkuta anamwaga vifuko. Nusu vilikuwa vimekwenda."

Tabasamu la Mogens lilidumu usoni kwa muda baada ya maana yake kuondoka, kisha nalo likaondoka. Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alizungusha kikombe chake mezani. Asger alingoja Mogens aseme jambo, lolote, la kondoo, la mpira, hata la mlango wa friza, kwa kuwa hilo alilistahili, na lingeuma vizuri. Mogens alikuwa akitazama mikono yake.

"Ketini basi," Inger-Lise akasema, ingawa aliyesimama alikuwa mmoja. Akafungua ratiba ya wiki. "Tarishi wa wiki hii atatengenezwa na Asger. Kila kichupa kipimwe kwenye jeli mbele ya mtu wa pili. Nani atakaa naye?"

Kalamu ya Inger-Lise ilingoja juu ya ratiba.

"Mimi," Mogens akasema. "Nitakaa naye mimi. Utaanza saa ngapi?"

Alisema kwa upole kama mtu anayejitolea kumsindikiza mgonjwa. Asger aliyewahi kumkaripia mzee huyu kwa mlango wa friza, mbele ya wanafunzi, aliketi kwanza.

"Saa tatu," akasema. "Ukiwa na nafasi."

"Nafasi ninayo," Mogens akasema, akaandika.